Alama Nne Kwenye Zulia

Baada ya sala ya alfajiri watu wema wa Ibra husoma nyiradi. Zakariya alisoma wasapu. Alikuwamo katika makundi tisa ya jamaa wa Unguja na Pemba wanaokaa Oman, kutoka Sur mpaka Nizwa, na katika yote tisa hakuwahi kuandika ila kitu kimoja: "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Akishaandika hunywa chai yake ya maziwa taratibu, hukisia umri wa marehemu, na akiona kazaliwa kabla ya mwaka wa hamsini, basi hutafuta pasi ya kunyooshea kanzu.

Watu wa umri huo ndio waliokuwa na gramafoni za kabati. Asiyezijua ni hivi: sanduku refu la mbao iliyong'arishwa mpaka unajiona uso, redio upande mmoja, mahali pa kuzungusha santuri upande wa pili, spika zimefichwa nyuma ya kitambaa cha rangi ya dhahabu, na miguu minne iliyochongoka kama ya mbuzi aliyesimama kwa adabu. Wazee walizinunua Dubai na Kuwait kwa mishahara yao ya mwanzo, wengine kabla hawajanunua kitanda. Leo zimekaa kimya kwenye sebule, zimefunikwa vitambaa vya kudarizi, juu yake picha za wajukuu na maua ya plastiki. Na ghafla vijana waliozaliwa baada ya hata kanda za kaseti kufa wamezipenda. Wanazitaka kwa mikahawa yao na nyumba zao za wageni, na bei hawaiulizi mara mbili.

Baina ya wazee wanaokufa na vijana wanaotaka, Mungu alimweka Zakariya. Ndivyo alivyoamini mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa na utaratibu. Siku ya nne, tanga limeshaanuliwa, masufuria ya kuazima yamesharudi kwa wenyewe na nyumba imebaki na mngurumo wa friji tu, Zakariya hupiga hodi. Kilemba hakina kasoro, halwa mkononi, sauti ya chini. Hukaa. Humsifu marehemu. Hulia kidogo, kwa jicho moja. Jicho la pili huwa limeshafika kwenye kabati.

"Marehemu kaacha watoto wema," husema. "Kaacha sadaka. Lakini na hiki nacho kakiacha. Sasa kila kikipigwa, kule aliko..."

Hapo hunyamaza. Katika miaka saba ya kazi hajapata kuimaliza sentensi ile. Warithi huimaliza wenyewe, kila mmoja kwa hofu yake.

"Sasa tufanye nini, sheikh?"

"Mie sinunui. Pesa ya kitu kama hiki nani ataipokea? Nitakitafutia nyumba. Nyumba ya watu wazima, wanaosikiliza taarifa ya habari basi. Na nyinyi haki yenu ya kukizuru iko pale pale."

Watu walimshukuru mpaka wakamlipia na gari la kuchukulia. Baada ya wiki mbili kila familia ilipata kadi kwenye simu: picha ya gramafoni katika sebule nzuri, na chini yake maandishi ya rangi ya fedha, *Imepata nyumba. Anayetaka kuizuru apige simu kwanza.* Picha ilikuwa moja, sebule moja, gramafoni moja, kwa warithi wote. Waliopiga simu waliambiwa wenye nyumba wamekwenda umra.

Tatizo ni kwamba wazee, hata wakijitahidi vipi, hawafi kwa kasi ya mikahawa inayofunguliwa. Kwa hiyo Zakariya alilazimika kutengeneza nyengine. Alichukua makabati matupu yaliyoliwa na mchwa, akayapiga rangi, akaacha juu sahani ya kuzunguka, na ndani akatia kispika kimoja cha Kichina cha blututhi, ukubwa wa kopo la maziwa. Ili kabati liwe na uzito wa heshima, alitia na magunia ya mchele yaliyojaa mchanga wa Bidiya. Mnunuzi akija, Zakariya huteremsha sindano juu ya santuri kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto umo mfukoni mwa kanzu, kwenye simu, unabonyeza. Sauti hutoka pamoja na mkwaruzo wa vumbi, na mkwaruzo ule aliurekodi makusudi.

"Kitu cha kweli kijue kwa uzito wake," huwaambia. "Na mzee huyu hapigwi kila siku. Ni wa kutazamwa."

Kisha hufunga kufuli, na ufunguo hupotea.

Katika zile za kweli, iliyo bora ilitoka Birkat al Mauz, kwa mzee Humaid. Mzee Humaid alikuwa na binti mmoja tu, Tamima, mwalimu wa skuli, na siku ya nne Tamima alikuwa amekaa mbele ya gramafoni ya baba yake kama mtu aliyekaa mbele ya mgonjwa. Ndani ilikuwamo santuri. Mzee aliiweka asubuhi ile ile aliyopelekwa hospitali, na hakurudi kuitoa.

"Hiyo santuri usiitoe, ami," Tamima alimwambia. "Yeye ndiye aliyeiweka."

"Haitatolewa, mwanangu."

Na kweli haikutolewa. Si kwa uaminifu, Zakariya alisahau.

Tamima alipiga simu mara tatu, anataka kuizuru. Mara ya kwanza wenye nyumba walikuwa umra. Mara ya pili walikuwa na arusi. Mara ya tatu walikuwa wamehamia Salala, ghafla, kwa sababu ya hewa. "Basi nitumie picha," alisema Tamima. Zakariya akamtumia ile picha yake moja. Tamima akaandika: "Hii siyo." Zakariya akamjibu kwa alama ya moyo.

Gramafoni yenyewe ilikuwa stoo, Ibra, chini ya turubai, inamngoja Maen.

Huyu Maen alikuwa kijana wa Nizwa anayefufua nyumba za udongo za mji wa kale na kuzifanya nyumba za wageni. Alikuwa nazo mbili, na ya tatu ilikuwa ifunguliwe Alkhamisi baada ya sala ya alasiri. Ndani yake pana ukumbi wa gramafoni, na juu ya mlango wa ukumbi alishatundika ubao wa mkangazi uliochongwa, umefunikwa kitambaa cheupe: *Majlis ya Zakariya*. Sharti lilikuwa moja tu, siku ya ufunguzi Zakariya alete chombo ambacho wageni hawajapata kukiona.

Mtu mwengine angedhani Zakariya aliitaka kazi ile kwa ajili ya pesa. Pesa hakuichukia. Lakini kwa miaka saba mji mzima ulimwita Zakariya wa Matanga, hata mkewe Ghaniya akighadhibika, na sasa alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita. Alitaka jina jengine, lililochongwa kwenye mbao, ambalo mtu hawezi kulitamka huku anacheka. Usiku akiota, aliuota ubao ule.

Siku tano kabla ya ufunguzi, sauti ikaingia kwenye simu yake kutoka namba asiyoijua. Sauti ya bibi, ya Kiswahili cha mjini Unguja, cha zamani, kilichopigwa pasi.

"Assalamu alaikum, bwana Zakariya. Mimi Bi Balqis, wa Sur. Mume wangu Ishak hatunaye tena. Nimo edani. Kaniachia gramafoni ya Kijerumani, nyeusi, milango miwili, beji ya shaba, na mie sitaki sauti nyumbani kwangu. Nasikia wewe ndiye unayezitafutia nyumba. Njoo Alkhamisi asubuhi. Lakini nina sharti langu."

Zakariya aliisikiliza mara mbili. Mara ya kwanza aliona haya: mtu mzima kafa Sur na yeye hakujua. Mara ya pili alisikia beji ya shaba. Akapiga.

"Sharti gani, bibi?"

"Kwanza, pesa sitaki."

"Mungu akuzidishie imani."

"Pili, mahali pake pasikae wazi. Nikae hapa miezi minne na siku kumi, natazama alama nne za miguu kwenye zulia? Niletee nyengine. Hata mbovu. Nitaweka picha zangu juu yake. Ila miguu yake ikae ndani ya alama hizo hizo. Nimeshapima: sentimita mia na kumi na nne kwa thelathini na sita."

"Hata ikipungua kidogo?"

"Ikipungua itacheza kama meno ya kuazima. Nimekaa na mume miaka arubaini, bwana wangu. Nataka kitu kikae mahali pake."

Zakariya alikwenda stoo na futi ya kupimia. Alipima za mchanga, zikazidi. Alipima mbovu, zikapungua. Akafunua turubai, akapima ya mzee Humaid: mia na kumi na nne kwa thelathini na sita. Alisimama kidogo mbele yake, si kwa majuto, bali kama mvuvi anayemtazama dagaa mnono kabla hajamtia kwenye ndoana. Ya Birkat al Mauz ilikuwa nzuri. Ya Kijerumani, milango miwili, Oman nzima hakuiona. Chambo hakiliwi.

Alkhamisi, saa tatu asubuhi, alikuwa Sur na gari lake, gramafoni ya mzee Humaid imo nyuma chini ya turubai, na wapagazi wanne aliowachukua kituo cha mafuta. Mlango ulifunguliwa na mzee mwenye ndevu nyeupe, kofia ya nyuzi, buli la kahawa mkononi. Alijitambulisha kuwa ni ndugu wa marehemu. Sebule ilikuwa safi, ina harufu ya udi, na katikati pametundikwa pazia zito la kijani. Nyuma ya pazia ndiko alikokuwa mwenye eda. Zakariya alikaa mbali na pazia lile, macho chini, kama inavyompasa mwanamme asiyekuwa maharimu.

Alishazoea mapazia. Alikuwa amechukua vyombo vingapi kutoka kwa sauti asizozijua sura!

"Mungu akutukuzieni ujira wenu," alisema.

"Amin, amin," alijibu mzee, akimmiminia kahawa. "Alikuwa mtu mzuri. Mzuri sana. Mkarimu, mcheshi. Na sura alikuwa nayo pia."

Pazia likakohoa.

"Alikuwa akikoroma," likasema.

Mzee akaweka buli chini. "Lini alikoroma?"

"Miaka arubaini."

"Marehemu hasemwi vibaya, bibi."

"Ndiyo maana nimelisema hilo moja tu."

Zakariya aliinamisha kichwa. Aliona huzuni za kila namna katika kazi yake. Hii aliiona ni ya watu waliosoma.

Gramafoni ilikuwa pembeni, imefunikwa shuka jeupe, juu yake kuna marufaa, na juu ya marufaa msahafu umefunguliwa. Nani atathubutu kuuondoa? Alinyanyua pembe ya shuka tu. Aliona mlango mweusi unaong'aa. Aliona beji ya shaba na herufi za Kijerumani. Alifungua mlango kiasi cha mkono, akaiona sahani ya kuzunguka.

"Kama ningeisikia kidogo..." alianza.

Mzee alimtazama, kikombe kimesimama njiani.

"Muziki? Katika nyumba yenye eda? Wewe?"

"Astaghfirullah! Nimesema kuiona. Kuiona kidogo."

"Nilisikia vyengine," likasema pazia. "Labda ni majonzi."

Msahafu uliondolewa na mzee mwenyewe, kwa mikono miwili. Kisha mzee akaizungushia gramafoni mablanketi mawili na kuyashona kwa sindano ya magunia, kwa sababu, alisema, marehemu hakupenda kitu chake kiingie vumbi. Wapagazi wakainama. Wanne, na bado waliguna. Uzito ule ulimtuliza Zakariya kuliko beji. Kitu cha kweli kijue kwa uzito wake: neno hili alikuwa akiwaambia wengine, na mtu akilisema neno mara nyingi huishia kuliamini.

Walipoinyanyua, zulia la chini yake lilikuwa limejaa manyoya yake yote, laini, halina alama hata moja. Zakariya aliliona hilo kwa macho yake mawili. Akili ilikuwa imeshafika Nizwa.

"Hii nyengine tuiweke wapi?" aliuliza.

"Hapo hapo ukumbini, bado na turubai lake. Tutaipanga wenyewe," alisema mzee.

"Bwana Zakariya," pazia likaita, na mara hii sauti ilishuka. "Ndani yake mna santuri?"

"Imo, bibi. Hata sijaigusa."

"Ahsante. Kwa hilo moja, Mungu akulipe kheri."

Ajabu, maneno yale yalimgusa. Alitoka akijiona mtu mwema, na hisia hiyo ikamchukua mpaka karibu na Bidiya.

Ibra alipita bila kusimama. Vidole vilimwasha akate uzi wa blanketi, lakini saa ilikuwa inamkimbiza, na fundi wa kushona vizuri hivyo Ibra hayupo. Alifika Nizwa watu wanatoka kusali alasiri.

Nyumba ya Maen ilikuwa imejaa. Wazee wa mtaa, watu wa ofisi, vijana wa kupiga picha wakiwa wengi kuliko wa kupigwa, na upande wa wanawake walimu wa skuli waliokuja kutazama mapambo. Mmoja wa walimu alivuka baraza akamjia.

"Shikamoo, ami."

Alikuwa Tamima. Zakariya alirekebisha kilemba ili apate muda.

"Marahaba, mwanangu, marahaba! Gramafoni ya baba haijambo. Iko salama usalimini."

"Najua," alisema Tamima.

Neno lile halikumpendeza. Lakini Maen alikuwa anamwita, mkasi mkononi, na wapagazi walikuwa wameshaitua gramafoni chini ya ubao wenye kitambaa cheupe. Uzi ulikatwa. Mablanketi yakaanguka. Watu wakasema "Maa shaa Allah" kwa pamoja, na simu ishirini zikanyanyuka.

Zakariya alisubiri zishuke. Hazikushuka, akafurahi zaidi.

"Waheshimiwa," alisema, "hiki chombo kilikuwa cha mzee mmoja wa Sur, Ishak, Mungu amrehemu. Mjane wake kanikabidhi leo asubuhi, kwa machozi. Kaniambia: wewe ndiye baba yao. Mie sikuzaa vyombo hivi. Lakini nikivitazama, kila kimoja nakijua."

"Tukisikie, sheikh!" alisema Maen, na plagi alishaitia ukutani.

"Taratibu, kijana. Hivi ni vyombo vya zamani, sauti yake hupita kwenye taa za ndani. Taa lazima zipate moto. Wazee walijua kusubiri."

Watu wakajifunza kusubiri.

Ndani ya kabati pakalia kengele ndogo, ting, na sauti nyembamba ya mwanamke, kwa Kiingereza cha kiwandani Uchina, ikatangaza kwa furaha kwamba iko tayari. Kisha, bila ya kuvuta pumzi, ikatangaza kwamba imeshaunganishwa.

"Imeunganishwa na nini?" Maen aliuliza.

Zakariya tu ndiye aliyekuwa na jibu, na jibu lilikuwa mfukoni mwake, linatetemeka. Simu ilikuwa ile ile ya miaka yote, kwani hakuwa mtu wa kutupa kitu chenye namba za warithi. Na mlio wake, jogoo anayewika, ulitokea ndani ya gramafoni ya Kijerumani kwa nguvu iliyowafanya wazee wawili wainuke.

Aliichomoa. *Bi Balqis, Sur.* Alitaka kuikata. Dole gumba lilikuwa na jasho, likateleza upande wa kijani.

"Bwana Zakariya!" gramafoni ikanguruma. "Umeshafika? Watu wapo?"

"Bibi, mie niko..."

"Kama wapo, wasalimie sana. Waambie humo ndani mna magunia mawili ya mchele yaliyojaa mchanga. Binti yangu Shahad aliinunua kwako Maskati miaka mitatu nyuma, akaniletea zawadi, maskini, kwa mshahara wake. Mwezi wa kwanza ilikaa kimya. Mwezi wa pili ikaanza kunitapikia mchanga kwenye zulia. Nimeipiga rangi nyeusi, nimeitia beji ya jokofu bovu, nimekurudishia. Mtu hurudishiwa chake."

"Uongo!" alipaza Zakariya. "Mwanamke huyu simjui! Chombo hiki sijapata kukiona!"

"Wewe humjui, lakini chombo kinakujua," gramafoni ikajibu, sasa kwa sauti ya mwanamme. "Kati ya simu zote zilizomo humo, kimechagua ya nani? Assalamu alaikum jamaani. Hapa marehemu."

Zakariya aliitambua. Ilikuwa sauti iliyommiminia kahawa.

"Na wala sikoromi," ikaongeza.

"Unakoroma," ikasema ya kike, na simu ikakatika.

Kicheko cha Nizwa si cha haraka. Kilianza kwa wazee waliokuwa wameinuka, kikashuka ngazi, kikafika barabarani kwa watu ambao hawakujua wanachokicheka. Maen hakucheka. Alileta bisibisi, akafungua mgongo wa kabati, akalivuta gunia. Lilikuwa gunia la mchele ule ule anaoupika Ghaniya, limefungwa mdomo kwa fundo analofunga Zakariya peke yake. Fundo likaachia. Mchanga wa Bidiya, mwekundu, mwepesi, ukamiminika juu ya zulia jipya.

Maen aliuchota, akauacha upite baina ya vidole.

"Sheikh Zakariya. Zile nne ulizoniuzia mwanzo?"

"Mbili," alisema Zakariya kwa sauti ndogo. "Mbili ni za kweli."

"Zipi?"

"Mpaka nizifungue."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza la kweli kazini, na halikumsaidia kitu. Maen alichukua ngazi, akauteremsha ubao wa mkangazi pamoja na kitambaa chake, bila ya kuufunua, akaubana kwapani na kuondoka nao. Zakariya aliufuata kwa macho mpaka ulipoingia chumba cha mafagio.

Tamima alikuwa amesimama kando yake.

"Mwanangu," alisema Zakariya, "ungeniambia tu."

"Nilikuambia mara tatu, ami."

Hakuwa na ghadhabu, na hilo ndilo lililokuwa zito.

"Nilikaa na Bi Balqis meza moja arusini, Ibra. Yeye alisema ana mchanga sebuleni na hajui umetoka wapi. Mie nikasema nina alama nne kwenye zulia na najua zimetoka wapi. Tukaanza kupima." Akatabasamu kidogo. "Kazi kubwa ilikuwa nani afe. Bwana Ishak alikataa siku mbili. Mwisho akakubali kufa Sur tu, na mpaka adhuhuri. Leo wamelisha masikini kumi, kwa ajili ya ule uongo."

Zakariya alilikumbuka zulia la Sur, laini, lisilo na alama. Vipimo havikuwa vya Sur. Vilikuwa vya Birkat al Mauz.

"Miezi saba sijaruhusu mtu alifagie," alisema Tamima. "Nilikuwa nachelea alama zisifutike."

Kisha akamuaga kwa adabu, kama anavyoagwa mtu mzima, akarudi kwa wenzake.

Zakariya hajafika Sinaw, njiani kurudi, video ilikuwa imeshafika makundi yote tisa. Jogoo, Mchina, marehemu, mchanga, kila kitu. Na katika kila kundi mtu mmoja, si yule yule, aliandika chini yake: "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Kabla ya isha walikuwa wameshamtoa katika makundi manane. Katika la tisa walimwacha ili asome.

Maen, ambaye alikuwa mfanyabiashara kuliko alivyokuwa mtu wa hasira, aliibakiza gramafoni nyeusi pale pale ukumbini, mgongo wazi, gunia linaonekana, na juu ya mlango akatundika ubao mpya: *Majlis ya Mchanga*. Inasemekana wageni wanatoka mpaka Adam kuja kupiga picha.

Jumapili, baada ya sala ya alfajiri, Zakariya alikaa na chai yake. Kundi la tisa hakulifungua. Ghaniya alikuwa amekwenda kwa dada yake kungoja watu wachoke kucheka. Nyumba ilikuwa kimya, na katika kimya kile alisikia kitu ambacho alikisikia katika nyumba zote alizoziingia siku ya nne, na hakuwahi kukisikiliza: mngurumo wa friji.

Simu ikatetemeka. Picha, kutoka kwa Tamima.

Ilikuwa sebule ya mzee Humaid, pazia limefunguliwa, jua linaingia. Gramafoni imesimama pale ilipokuwa siku zote, kila mguu ndani ya alama yake, haukuzidi wala haukupungua. Kifuniko kilikuwa juu. Santuri ilikuwamo, na sindano ilikuwa imeshateremshwa.

Chini yake, kwa maandishi ya rangi ya fedha:

*Imepata nyumba. Anayetaka kuizuru apige simu kwanza.*